Chini ya Zulia la Gari Lako

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwili hauna neno, na wifi yako aliyekuletea barua hii ni mzima pia, ila miguu imemvimba na kwa hali yake hakutakiwa kupanda ngazi zenu. Mpe kiti. Nimemwambia asiondoke mpaka umalize kusoma, na akiondoka awe na ufunguo wa gari mkononi. Shemeji kifua kimetulia? Wapwa zangu hawajambo? Najua leo ni Jumapili na nyumba imejaa kelele, lakini ingia chumbani usome peke yako. Kesho asubuhi gari lako lisitoke uani. Wazazi wa wale watoto saba unaowapeleka shule wapige simu mpaka simu iungue, lisitoke.

Najua utasema nimeanza. Wewe ndiye uliyenibandika jina la Bwana Wasiwasi, na sikatai. Nimekupigia mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza nikakuuliza habari za mvua. Mara ya pili nikakuuliza habari za mvua tena. Mara ya tatu ukaniuliza wewe kama nina homa, maana nilikuwa nahema tu. Mdomo umekataa katakata, ndiyo nimeshika kalamu, mimi ambaye mwandiko wangu ni kama kuku kapita.

Mlipokuja kwetu wiki iliyopita ulinionyesha mlango wa nyuma wa kushoto unavyogoma kufunga. Ulicheka, ukasema siku hizi ni lazima uuinue kidogo kwa mkono ndipo ukubali, kwamba gari nalo linataka kubembelezwa kama mume. Shemeji akasema ni bawaba tu. Niliidaka hiyo bawaba upesi, nikasema nitaleta grisi. Dada, si bawaba. Mlango mzima ukianza kupishana na fremu yake, ujue gari limelegea tumboni, linakaa vibaya katikati. Nawe kila asubuhi unateremka ule mteremko wa kiwandani wenye mashimo, na watoto saba nyuma yako. Siku utakayokanyaga breki kwa nguvu pale, hata sitaki kuandika. Tangu mlipoondoka sijala nikashiba.

Kwanza ujue kwamba hukukosea popote. Nimeona watu wengi wakinunua gari, na wengi wao hununua kama mtu anayeoa kwa picha. Wanakuja kuliangalia mvua ikinyesha, wakati maji yanaficha kila mkwaruzo. Wanakuta injini imeshapashwa moto, wanasifu inavyowaka kwa wepesi. Wanasikia harufu nzuri ndani, wanaona matairi yamepakwa dawa ya kung'aa, wanatoa pesa. Wewe wapi! Ulimwambia dalali utakuja saa sita mchana, jua likiwa kali. Uliweka kiganja kwenye boneti kabla hata hujamsalimia, ukahakikisha ni baridi. Ulilinganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi, tarakimu moja moja kwa kidole, kama ulivyokuwa ukisahihisha hesabu zangu nikiwa mdogo. Aliposema kuna mteja mwingine yuko njiani, ukamwambia aje tu, tutasalimiana. Nusura nipige makofi. Kisha akataka kukuitia fundi wa pale pale yadi, ukamwambia hapana, unaye fundi wako, tena wa tumbo moja. Ukanisukuma mbele.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na lilikuwa limevaa ovaroli.

Dalali yule tunajuana. Alinitazama kidogo, akakuambia kwamba kama fundi wako ndiye huyu basi umefika, hakuna mkono mzuri wa bodi kuupita wangu. Ulifurahi, ukaniangalia kwa fahari. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Nikalizunguka gari, nikaligonga gonga, nikaingia chini, nikatoka. Sikuwa na hakika, maana rangi ilikuwa mpya. Nikafungua mlango wa nyuma, nikanyanyua zulia chini ya siti, nikaona nilichokiona, nikalirudisha. Halafu nikakuambia gari zima, lichukue. Ulishika usukani ukatokwa na machozi. Nilisema moyoni nitakuambia tukiwa njiani, lakini njia nzima ulikuwa unaimba.

Wacha niache kuzunguka mbuyu. Mficha uchi hazai.

Gereji yetu inajulikana kwa kunyoosha bodi na kupiga rangi, na wewe ndivyo unavyojua. Lakini nyuma, kwenye lile banda lenye turubai ambalo sikuwahi kukuonyesha, kuna kazi nyingine. Linaletwa gari lililosagika nyuma, linaletwa na jingine la aina ile ile lililosagika mbele. Tunayakata yote mawili katikati. Nusu nzima ya hili inaungwa na nusu nzima ya lile, puti ya kujazia inapakwa mshono usionekane, zulia linagundishwa, na gari linatoka kwenda kupakwa rangi kwingine. Namba ya chesisi inabaki ile ya mbele, kwa hiyo kadi haisemi uongo hata ukilinganisha mchana kutwa. Ndiyo maana kidole chako hakikuona kitu.

Gari lako ni magari mawili, dada. Na aliyeyaunga ni mimi.

Siku ile bati lilipungua, na tajiri mwenye gereji alikuwa amesimama juu ya kichwa changu akitaka gari litoke jioni. Nilikata kibao cha zamani kilichokuwa nyuma ya choo, kile cha bati nilichokiandika mwenyewe kukataza watu kukojoa ukutani, nikakitumia kuzibia sakafu. Uchomeleaji wenyewe sikuupitisha mwanzo mpaka mwisho, niliuruka ruka, kipande hapa kipande pale. Nilipofunua zulia pale yadi, herufi zangu zilikuwa zinanitazama. Wanasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Waongo wakubwa! Hiki kinanitisha usiku na mchana, kwa sababu najua ndani yake kuna nini.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Niliogopa tajiri, ni kweli. Mwenzetu aliyefungua mdomo alifukuzwa na vifaa vyake vikabaki. Lakini nikisema ni hilo tu nitakuwa nakudanganya mara ya pili. Wewe ndiye uliyeshona nguo za watu mpaka macho yakaanza kukuuma, ili mimi nijifunze ufundi. Kukuambia habari za gari lile kulikuwa ni kukuambia ufundi wenyewe nimeupeleka wapi. Niliona aibu, dada. Nikachagua kuificha aibu yangu, nikakupa wewe ufunguo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara hii nguo ni mimi. Niite jina lolote utakalo, nimeshajiita yote.

Ukitaka kuhakikisha, usilisogeze gari. Mtafute fundi ambaye si ndugu yako na si rafiki yangu, afunue zulia pale pale lilipo. Wazazi wa watoto wakiuliza nani aliyelikagua, usinifiche kwa kuwa ni damu yako. Nitaje.

Nisalimie shemeji, mwambie akikasirika ana haki. Nisalimie wapwa zangu wote, na yule mdogo anayegombania kukaa nyuma katikati mbusu kichwani, maana pale anapokaa ndipo nilipounga.

Najua moyo wako. Ukimaliza kulia utaanza kutafuta namna ya kuniokoa, kama ulivyofanya siku zote. Usihangaike. Nimeandika barua hii mara mbili, neno kwa neno. Hii ameileta wifi yako. Ile nyingine ninayo mfukoni, na wakati unasoma mstari huu mimi nimekaa kwenye benchi la kituo cha polisi, nasubiri kuitwa.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi