Marehemu Anakusalimu Sana

Dar es Salaam,
15 Julai 1996

Babu Sadala, mume wangu mzee,

Shikamoo. Shikamoo na bibi Habiba, mke mwenzangu. Hamjambo huko Chumbi? Goti lako vipi, na kikohozi cha bibi kimepoa? Hapa kwa shangazi Temeke tu wazima, ila mimi tangu Ijumaa silali vizuri kwa furaha.

Babu, nimepata kazi redioni! Tena si ile redio ya serikali unayoijua. Siku hizi watu binafsi nao wameruhusiwa, na hii yetu inaitwa Redio Mkondo, iko Kariakoo ghorofa ya tatu juu ya duka la vitambaa. Nasoma salamu za wasikilizaji, matangazo ya vifo, na saa sita mchana kuna kipindi kifupi cha habari za mikoani. Nikikaa mbele ya maikrofoni naogopa, lakini wananiambia sauti haitetemeki.

Shida ni kwamba niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Agosti. Mkuu wetu, Bwana Zebedayo, amechoka kunakili habari za mikoani kutoka kwenye magazeti ya juzi. Amesema atakayemletea habari ambazo gazeti halina, kipindi ni chake na ajira ni yake. Gari la kwenda mikoani hana, simu huko hakuna. Mimi nikawaza: nina babu.

Niandikie chochote kinachotokea huko, mto, mpunga, pantoni, ngoma, wanyama. Barua mpe Abdala, dereva wa basi la Jumanne na Alhamisi, ataileta mpaka mlangoni. Ila usitie chumvi, babu. Nakujua.

Mkeo mdogo,
Mwamini

*

Chumbi,
30 Julai 1996

Mke wangu Mwamini,

Marahaba, na nyingine juu yake. Goti linauma likijisikia. Mke mwenzio bado anakohoa, lakini ukali wake haujapungua hata chembe. Sisi wengine wazima, mavuno ya bondeni yameingia ndani.

Wewe mtoto umeniponza! Ile habari yangu ya kwanza niliyokutumia, ya viboko waliokula mpunga, kumbe mmeisoma na jina langu mkalitaja! Hapa kwetu redio yenu haifiki, na pale stendi ya Kibiti mwenye mgahawa amefunga waya kwenye bati lake lakini anapata mikwaruzo tu. Basi mimi sina habari, nimekaa zangu kivukoni Ndundu, mara abiria wa kutoka Dar wanateremka wananiita "Mwandishi! Mwandishi!" Nikageuka nyuma nione anaitwa nani. Tangu siku hiyo nimenunua daftari, na penseli naiweka sikioni. Bibi yako anasema hata mwendo nimebadilisha.

Habari za wiki hii. Pantoni iliharibika siku mbili, magari kumi na moja yalilala kivukoni, na moja lilikuwa limebeba samaki ng'onda wa Kilwa. Mpaka leo kivuko kinanuka. Kule Mahege shule imepata paa jipya, walimu wakaingia ngomani na wazazi, mwalimu mkuu Bibi Petronila akavunja kisigino cha kiatu na hakutoka uwanjani.

TANZIA. Mzee Abbasi wa pantoni ya Ndundu amefariki jana kwa kula sahani ya nne ya pilau ya maulidi. Maziko ni Ijumaa, ili marehemu apate nafasi ya kumalizia ukoko. Sanda nimemkatia fupi, hakuwa na urefu wa maana. Ndugu zake wa Mbagala wapewe habari, wasilie sana.

(Geuza ukurasa.)

Marehemu anakusalimu sana. Yuko hapa pembeni yangu anakunywa chai yangu, na amenuna kwa sababu kwenye habari ya viboko nilitajwa mimi peke yangu. Mtani wangu huyu hataki kupitwa.

Mumeo,
Babu Sadala, Mwandishi

*

Dar es Salaam,
8 Agosti 1996

Babu,

Shikamoo. Wote hamjambo, nadhani. Mzee Abbasi hajambo, nimeshahakikishiwa na watu arobaini.

Barua yako ilipofika mimi nilikuwa kitandani na malaria. Aliyeipokea ni Remigius, mwenzangu wa Bukoba, kijana mpole ambaye hajawahi hata kumkatiza mtu usemi. Akasoma ukurasa wa kwanza, akafika kwenye tanzia yako, nyuma hakugeuza. Nilipomuuliza ilikuwaje hakuona kuwa ni mzaha, akasema alidhani ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa na uchungu. Kwa huruma yake akakusafishia maneno. Alhamisi saa sita mchana akatangaza kwamba Mzee Abbasi wa Ndundu amefariki dunia "baada ya kuugua tumbo kwa muda mfupi", maziko Ijumaa.

Babu, Mbagala nzima ilisikia! Dada yake, Bi Mwanamina, alikuwa anakaanga vitumbua, akauacha moto unawaka. Jioni walikuwa wamekwisha kukodi lori. Waliporudi kutoka kwenu jana walikuja moja kwa moja ofisini, ngazi zote tatu zikajaa watu, na Bi Mwanamina akauliza yuko wapi huyo aliyemuua kaka yake.

Bwana Zebedayo hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Amesema anataka barua ya Mzee Abbasi kwa mkono wake mwenyewe, kwamba yu hai na ameisamehe redio. Isomwe hewani Ijumaa tarehe 23, saa sita ileile. Isipokuja nikusanye vitu vyangu.

Nilijua utanitia kwenye vituko, ila sikujua utaniulia na kazi. Mwambie aandike leo hii, mpe Abdala. Nakuomba, babu. Kazi hii naipenda kuliko nilivyokwambia.

Mjukuu wako,
Mwamini

*

Chumbi,
13 Agosti 1996

Mjukuu wangu Mwamini,

Pole kwa malaria. Pole na kwa mimi. Sitakuita mke wangu mpaka unisamehe. Miaka arobaini namzika Abbasi na yeye ananizika, kila maulidi, kila harusi, hakuna aliyewahi kuumia. Watu wa kwao na wa kwetu ni watani tangu mababu. Sikujua kwamba utani ukisomwa na mtu mwingine, kwa sauti nzuri, unageuka kweli.

Lakini ngoja nikusimulie, maana ningekufa kweli kama nisingesimulia!

Ijumaa asubuhi lori linafika ng'ambo, watu arobaini, akina mama wamejifunga khanga kiunoni, vilio mpaka huku upande wetu tunasikia. Pantoni inavuka kuwafuata, na anayeteremsha mlango wa pantoni ni nani? Abbasi! Kaona msiba, kavua kofia, kainamisha kichwa. "Poleni jamani," anawaambia. "Nani tena kafa?"

Mwanamina akamsogelea, akamshika pua. Akaona ina joto. Ndipo akaanza kumchapa kwa mwavuli. "Sie twalia njia nzima, we' wauliza nani kafa!" Anampiga analia, anampiga anacheka, mwisho wakashikana shingo wakakaa chini palepale kwenye mbao. Mchele wa matanga tukaupika, siku tatu tumekula. Abbasi amekaa katikati kama bwana harusi, anamwambia kila mtu, "Hebu rudia, ulilia vipi?"

Sasa ubaya. Barua hataki kuandika.

Unajua ana mtoto, Salumu, yuko Tanga. Waligombana juu ya kuuza shamba la mikorosho, Salumu akaondoka, huu mwaka wa tisa hajatia mguu. Siku ile ya tangazo Mwanamina alimpelekea simu ya maandishi: baba amefariki, njoo. Mpaka leo hajafika. Abbasi kila basi likija anasimama kwenye mlango wa pantoni anahesabu vichwa. Nimemwendea mara tatu. Ananiambia, "Mie n'takuwa hai Salumu akifika. Wakitangaza leo kwamba n' mzima, atasikia, atageuzia njiani. Kwa sasa mie n' maiti, Sadala, n'ache."

Nikamwambia mjukuu wangu atafukuzwa kazi. Akanitazama akasema, "Wako akuandikia barua. Wangu je?"

Nilikosa la kumjibu, mjukuu wangu. Nimerudi nyumbani, nimekaa.

Babu yako,
Sadala

*

Dar es Salaam,
17 Agosti 1996

Babu yangu,

Shikamoo, na bibi pia. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka kukasirika, pale kwenye pua nikacheka mpaka shangazi akaja kunitazama, mwisho nikalia. Nimekusamehe. Niite utakavyo.

Mwambie Mzee Abbasi redio yetu haivuki hata Bagamoyo, Tanga hawatasikia kitu. Mwambie pia kwamba Bi Mwanamina nimemwendea Mbagala kumpigia magoti, akanipa vitumbua na ameapa hatamtumia Salumu neno jingine. Nimemwambia Bwana Zebedayo kwamba marehemu anaomba siku chache. Amesema tarehe ni ileile.

Ijumaa ni hii inayokuja. Basi la Alhamisi ndilo la mwisho. Akikataa, usimlaumu wala usigombane naye, nitaelewa.

Mjukuu wako,
Mwamini

*

Ndundu, kivukoni,
22 Agosti 1996, asubuhi

Mke wangu, mke wangu, mke wangu!

Abdala anapiga honi, naandika nimesimama, salamu zote utazijaza mwenyewe.

Amekuja! Jana, na basi la kwenda Lindi. Simu ya maandishi ilimkuta hayupo Tanga, amekwenda Korogwe kwa kazi, ameipata Jumamosi iliyopita. Mbagala kwa shangazi yake hakupita. Hakuna aliyemwambia lolote njiani.

Abbasi alikuwa kwenye mlango wa pantoni kama kawaida yake. Anateremka mtu mnene kidogo, ndevu, mkononi bunda la bafta jeupe la sanda, na udi. Mimi sikumjua. Abbasi alimjua kwa mabega. Kumbuka huyu mzee alikuwa na maneno ya miaka tisa ya kumwambia mwanawe, amenikaririsha mimi yote, na mengine ya matusi. Hakutoa hata moja. Salumu naye alimwona, akaliweka lile bunda chini, akakaa mchangani.

Magari yalipiga honi, kisha yakaacha. Nadhani madereva walielewa.

Baadaye Abbasi akasema, "Waja kunizika?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Shika kamba hii, tuvushe watu kwanza."

Wakavusha watu, wao wawili, mpaka jua likazama. Leo wamekuja tena wote wawili, na Salumu ndiye aliyemwandikia baba yake hii karatasi ninayoitia humu. Abbasi ameweka sahihi na kidole gumba vyote, asije mtu akasema si yeye. Usomapo usipunguze kitu, amesema, hata pale anaponiita mwongo tangu tumboni.

Nimekimbia na goti hili kumfikia Abdala. Kimbia na wewe.

Mumeo,
Sadala

*

Dar es Salaam,
30 Agosti 1996

Mume wangu mzee,

Shikamoo, na bibi Habiba shikamoo. Mimi mzima kabisa, na kazi ninayo!

Karatasi niliisoma yote. "Mimi Abbasi wa Ndundu niko hai, nakula, navusha watu. Mtani wangu Sadala ni mwongo tangu tumboni na nimemsamehe. Redio nimeisamehe zaidi, maana imeniletea mwanangu." Hapo sauti ikanitetemeka kwa mara ya kwanza, Remigius akaniwekea wimbo bila kuambiwa. Simu ya ofisi iliita mpaka saa tisa. Nikadhani mambo yameishia hapo, kwa vicheko.

Babu, Jumatatu barua zikaanza kuja. Zimeletwa na makondakta, na wauza machungwa, na watu waliokuja mjini hospitali. Kisarawe, Mkuranga, hata Kibiti ambako wamesimuliwa tu na abiria, mpaka leo ni kumi na nne. Zote za wazee, na wote wanaomba watangazwe wamekufa. Mmoja wa Dimani, Mzee Khamisi, ameandika hivi: "Wanangu watatu wako Ilala. Naomba nami mnitangaze, hata kwa wiki moja tu, nitailipia." Nilimsomea Bwana Zebedayo, akavua miwani, akakaa anatazama dirishani. Mama yake yuko Singida.

Kipindi amenipa. Tanzia za uongo hatutangazi tena. Badala yake kila Jumapili nitasoma majina ya wazee walio hai, kijiji, na jina la mtoto aliye mjini, basi. Tumekiita Wazima. Ameniuliza nani awe wa kwanza kwenye orodha, nikafungua mdomo niseme Mzee Khamisi wa Dimani, nikakukumbuka wewe.

Nimemaliza shule, nimetafuta kazi, nimeipata, na katika muda wote huo sijafika Chumbi. Miaka minne, babu. Nimekuandikia kila wiki nikadhani nimefika. Na wewe katika barua zako zote hujaniuliza hata mara moja nitakuja lini. Ulipokosa la kumjibu Mzee Abbasi, mimi nilidhani unamwonea huruma yeye.

Nakuja Alhamisi na basi la Abdala. Mwambie bibi asishtuke akiniona mlangoni. Nakuja tu, hakuna aliyekufa.

Mkeo mdogo,
Mwamini