Nyasi Zilizobaki Katikati ya Shamba

Kuluba, Koboko,
Wilaya ya Arua,
14 Aprili 1987

Mpendwa kaka yangu Sulaimani,

Asalaam aleikum. Pokea salamu zangu na za watoto wote wawili. Hali yako huko Kibera ikoje? Cherehani bado inakupa riziki? Wifi Zaituni hajambo, na kile kifua kilichomsumbua wakati wa baridi kimepona? Na Rajabu je, bado anatoroka chuo cha Kurani, au sasa ameshika adabu? Sisi huku tu wazima. Zubeda alishikwa na malaria wiki mbili zilizopita, lakini amepona na sasa anakula kunishinda mimi. Mvua imeanza na ardhi imelainika, alhamdulillahi.

Haya, nimesalimu vizuri, nimeuliza hali ya kila mtu, usije ukasema dada yako Afisa amesahau adabu. Sasa niruhusu nipige kelele. Kaka, shamba ni letu! Shamba la marehemu mume wangu Fadhul, lote, kutoka kijitoni mpaka kwenye kile kichuguu kikubwa! Naandika kwa haraka, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Nianze mwanzo, maana najua utauliza. Tuliporudi kutoka Sudan mwaka jana, tulikuta nusu ya shamba, ile ya juu, inalimwa na Kasimiro, binamu wa marehemu mume wangu. Yeye alirudi kutoka Zaire mwaka mmoja na nusu kabla yetu. Nilipomwuliza alinijibu kwamba amekuta pori, amelisafisha kwa mikono yake, na kwamba mume wangu angekuwa hai angemshukuru. Mume wangu amelala kaburini kule Yei, hawezi kumjibu. Nikampelekea shauri Mzee Lomoro, mkubwa wa ukoo.

Mzee Lomoro unamkumbuka, yule mwenye kikohozi na haraka ya kwenda nyumbani. Hakutaka maneno mengi. Alisema: mama huyu ana haki ya shamba la mumewe, lakini ardhi haiwezi kukaa bure wakati watu wana njaa. Kama Afisa ataweza kulilima lote kabla ya Jumapili ya Matawi, ni lake na wanawe. Kipande kitakachobaki bila kulimwa kitakuwa cha Kasimiro. Kaka, nilitoka pale nikipiga hesabu. Mjane mmoja, jembe moja, na shamba la kuchosha watu arobaini!

Sasa ni lazima nikueleze kitu ambacho wewe uliyekimbilia Kenya hukijui. Huku siku hizi hatuulizani tena mtu ni wa dini gani, au kama babake alikuwa jeshini. Tunaulizana alikimbilia wapi. Kuna watu wa Zaire na watu wa Sudan. Ni ukoo mmoja, lugha moja, makaburi ya babu ni yale yale. Ila asubuhi ile ya mwaka themanini risasi zilipolia, aliyekuwa karibu na njia hii alikwenda Sudan, na aliyekuwa karibu na njia ile akaingia Zaire. Basi. Kwa sababu hiyo tu leo hatuketi benchi moja.

Wao wanatuita watoto wa posho, eti tulikaa kambini miaka sita tunapanga foleni ya unga wa Umoja wa Mataifa, tumesahau kushika jembe. Sisi tunasema wao ndio waliong'oa mabati ya nyumba zetu wakayauza. Wakisalimiana ni mbote, mbote. Sisi tukisalimiana ni Kiarabu cha Juba. Hata sokoni Koboko, mwuza chumvi wa Zaire akimpimia mtu wao, kikombe kinajaa mpaka kinamwagika. Akija wa Sudan, anakipangusa juu kwa kidole. Nami usidhani ni malaika. Karanga zangu nilikuwa nazipima hivyo hivyo, na kidole changu kilikuwa chepesi kuliko chao.

Wewe mwenyewe katika barua yako ya Januari uliniandikia nisiwasogelee wa Zaire. Nikakutii, kaka, na utii huo karibu uniponze.

Kwa kuwa wa Sudan peke yao wasingetosha, ilinibidi kuita watu wa pande zote mbili kuja kulima Jumamosi, siku ya mwisho kabla ya Matawi. Mila unaijua: anayeita watu analisha. Mimi siwezi kupika pombe nyumbani kwangu, kwa hiyo rafiki yangu Kiden, ambaye tulikaa naye kambi moja kule Sudan na ni Mkristo, alipika kwete nyumbani kwake kwa wanaokunywa. Sisi Waislamu tukaandaa chai ya sukari nyingi. Niliuza kitenge changu cha idi nikanunua mbuzi. Wifi Zaituni asisikitike, ni kile cha maua ya manjano, kilikuwa kimeanza kuchuja.

Basi hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Niliogopa watagombana. Nikafikiri, nikawaza, nikajiona nina akili sana. Nikawapanga hivi: watu wa Zaire waanzie juu kwenye kichuguu, watu wa Sudan waanzie chini kijitoni, wakutane katikati. Nikapima nusu kwa hatua zangu na kuchomeka kijiti. Kwa hiyo hakuna atakayemkanyaga mwenziwe.

Laiti ungeona, Sulaimani! Walilima kwa mashindano. Juu alisimama Paska, mke wa Kasimiro mwenyewe, mwanamke mwenye sauti ambayo haijawahi kunong'ona. Alikuja kwa sababu mila haimruhusu mtu kukataa kazi ya mjane, na mumewe alibaki nyumbani amenuna. Yeye anaongoza nyimbo za Kilingala, na huku chini Kiden anamjibu kwa nyimbo za Kiarabu. Majembe yanapanda na kushuka, udongo unaruka, wanawake wanapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nakimbia na birika la chai, huku na kule, nacheka peke yangu. Saa nane mchana walikuwa wamekaribiana kiasi cha kuonana meno. Nikasema moyoni, nimeshinda.

Kisha wakasimama.

Katikati palibaki nyasi, upana wa hatua tatu hivi, zinakwenda kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine. Kijiti changu hakikuonekana, nadhani mbuzi walikila au mtu alikikanyaga. Loro, kijana mmoja mrefu wa upande wa Zaire, alitupa jembe akasema, "Sisi tulimaliza upande yetu. Hii iko ya watu ya Sudan." Kiden akaruka juu: "Wapi! Sisi tulihesabu hatua. Hii iko yenu, lima!" Hakuna aliyelima. Walikwenda kula, wale huku, hawa kule, wamepeana migongo.

Nilicheka kwanza. Nikawabembeleza. Nikamfuata Kiden, akaniambia akilima nyasi zile watu wa Zaire watamcheka mwaka mzima. Nikamfuata Paska, akaniambia maneno yale yale, ila kwa sauti kubwa. Nikasema basi, nitakunywa chai yangu, kisha nitashika jembe mwenyewe nizimalize.

Kabla sijamaliza kikombe, Mzee Lomoro akatokea kuja kukagua, na Kasimiro nyuma yake.

Kasimiro alitazama shamba, akatazama zile nyasi, nikaona uso wake unafunguka. Na mimi nikaelewa wakati uo huo. Kaka, umekaa mjini siku nyingi, nikukumbushe mpaka wa mashamba huku kwetu ni nini. Hatuweki jiwe wala waya. Tunaacha nyasi bila kulima, upana wa hatua mbili tatu, kutoka ukingo hadi ukingo. Na anayechimba nyasi za mpaka anatozwa mbuzi na kulaaniwa na ukoo.

"Mzee," Kasimiro akasema, pole pole kama mtu anayesoma, "wao wenyewe walionyesha mpaka. Juu yangu, chini yake. Nani tena iko na maneno?"

Mimi niliruka kuchukua jembe. Mzee Lomoro akaninyooshea fimbo. "Afisa, wacha! Ukigusa hii, umevunja mpaka." Nikabaki nimesimama na jembe mkononi. Niliwapa watu mbuzi wangu na kitenge changu, kumbe nimewaita waje kunikatia shamba vipande viwili!

Watu wetu wa Sudan wote wakapiga kelele kwamba si mpaka. Mzee akakohoa, akawanyamazisha. "Nyinyi iko mutu yake. Mutasema ile anataka." Na ni kweli, kaka, tungesema chochote. Tumejizoeza kuteteana hivyo, mpaka hata tunaposema kweli neno letu halina uzito. Akawageukia wa Zaire. "Nani aliacha hii nyasi, na aliacha kwa nini?"

Loro akasema haraka, "Mzee, iko mpaka." Wengine wakaangalia miguu yao. Kasimiro ni mtu wao. Kule Zaire, miaka ya njaa, aligawana nao muhogo. Nani angesimama kumpinga kwa ajili ya mjane wa posho? Nilianza kuhesabu kichwani ni magunia mangapi ya mtama yatatoka nusu ya chini, na kama yatafika mwezi wa pili. Hayafiki.

Ndipo Paska akasimama. Alikuwa na mfupa wa mbuzi mkononi, akauweka chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Hapana," akasema. "Hii hapana mpaka, mzee. Hii iko kiburi yetu tu. Sisi tulikataa kulima kwa sababu hatutaki kusaidia wale. Na wale walikataa kwa sababu hawataki kusaidia sisi. Hakuna mutu alisema mpaka mbele ya wewe kufika."

"Paska!" Kasimiro akasema.

"Kasimiro, mimi nalima hapa tangu asubuhi. Wewe ulikuwa wapi?"

Watu waliangua kicheko, hata Mzee Lomoro alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa namtazama Paska. Alikuwa ametoka kusema mbele ya watu wote kwamba mume wake hana haki, na atarudi jioni nyumba ile ile. Hakungoja mzee aamue. Alichukua jembe, akaingia kwenye nyasi, akapiga la kwanza. Kila mtu alimgeukia mzee kuona kama atamkataza. Mzee akaishusha fimbo yake. Akapiga la pili.

Kiden akatoka upande wetu akaingia mbele yake. Hawakuimba. Walilima wakielekeana, wakawa karibu hata majembe yanagongana, na Kiden akamwambia, "Songa kidogo, utanikata mguu." Paska akamjibu, "Sasa songa wewe, mguu iko yako." Basi watu wote wakaingia, wa huku na wa kule, wamechanganyika. Hata Loro aliingia, ingawa alijificha nyuma. Nyasi zile ziliisha kabla chai haijapoa. Mzee Lomoro akapita katikati na fimbo yake, kutoka kijitoni mpaka kichuguuni, akasema shamba ni la mjane wa Fadhul na wanawe, na asisumbuliwe tena. Kisha akauliza kama kwete imebaki.

Nililia, kaka. Nililia na kupiga vigelegele kwa pamoja, sijui mtu anafanyaje hivyo lakini mimi nilifanya. Nilimkumbatia Paska nikamchafua kanga yake yote.

Toka siku ile sipati usingizi vizuri, na si kwa furaha tu. Najiuliza: kama ingekuwa shamba la Paska, na marehemu Fadhul ndiye anayelitaka, mimi ningesimama? Mbele ya watu wa Sudan wote? Nataka kusema ndiyo. Lakini wewe ni ndugu yangu, sikuandikii uongo. Sijui.

Kasimiro hakusema na mkewe siku mbili. Jana nilikwenda kwao nimebeba karanga, kikombe nimekijaza mpaka kinamwagika, na Paska akanieleza kwamba shamba lao la kule ng'ambo ya kijito bado ni pori. Sasa limekuwa ndilo shamba lao pekee, na hana watu wa kutosha kulilima. Nikamwambia anao. Tumepanga Jumamosi baada ya Pasaka, kabla Ramadhani haijaingia, maana ikiingia sisi wengine hatutakuwa na nguvu za jembe. Nilizunguka nyumba za wa Sudan zote. Watatu walinitukana, kumi na saba walikubali.

Kasimiro alikuwa uani anatusikiliza tukipanga. Hajasema ndiyo, wala hajasema hapana. Lakini nilipokuwa naondoka nilimwona amechukua jiwe la kunolea na majembe yote ya nyumba ile, ananoa.

Msalimie sana wifi Zaituni, Rajabu, Jamila na mama mkwe wako. Zubeda anasema umletee kitabu chenye picha. Mungu awape afya, awazidishie riziki, na akujalie siku moja uje ule mtama wa shamba hili.

Paska aliniuliza kwenye mlango, watu ya Sudan wataanzia wapi, juu ama chini? Nikamwambia, safari hii tunaanza wote upande mmoja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye toka utoto hadi leo,

Afisa