Ombi namba nne

Makambako, Jumanne

Mkono ulionyooshwa kwa ombi namba nne ulikuwa wangu peke yangu, nikaushusha taratibu.

Asubuhi kamati ya klabu ilinikubalia tusahihishe maombi ya ukocha mkuu kama mitihani ya taifa: bila majina wala picha, namba tu. Nilieleza kwa furaha, kama niko darasani tena. Namba nne akaongoza kwa mbali. Tukafunua jina: Erasto, kocha wetu msaidizi wa miaka yote, mtoto wa hapa jirani, Wanging'ombe.

Mwenyekiti akacheka. "Mwalimu, huyu si Erasto wetu tu? Wadhamini wanataka Mzungu."

"Mzungu amekuwa wa tano."

"Mzungu ni Mzungu, Mwalimu."

Wakaacha alama, wakapiga kura ya mikono, picha zikiwa mezani, Mzungu akapita.

Marehemu mke wangu angekuwepo ningemweleza yeye. Sasa naieleza karatasi.

Jioni Erasto alipiga simu. "Shikamoo, Mwalimu. Wamesema nimpokee kocha mpya, nimwelekeze kuhusu wachezaji."

"Marahaba."

"Niambie tu, Mwalimu. Nilikuwa wa ngapi?"

Nikamwambia: wa kwanza, kwa mbali.

"Kumbe. Miaka yote hii nilidhani sijui kazi."