Maswali ya Kuruka Kigangoni

Baba, Mama, na ninyi wadogo zangu, wapiganaji wenzangu katika vita hii ndefu dhidi ya ujinga,

Shikamooni, wazazi wangu. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mimi ni mzima hapa Chimwaga; vumbi na upepo tumekwisha kuzoeana, na mitihani ya chuo naikabili bila kutetereka.

Ulionitikisa ni mtihani mwingine. Baba, wewe ni katekista, utanielewa. Kila Jumamosi napanda bodaboda pale Bahi hadi kigango kilicho kando ya majaruba ya mpunga, kuwafundisha katekisimu watu wazima wanaojiandaa kwa ubatizo wa Pasaka. Nimewafundisha kwa njia yako: swali, jibu, swali, jibu, wote kwa sauti moja, kwa mpangilio usiobadilika. Walinguruma kama jeshi.

Wiki iliyopita Paroko akaja kuwapima, akauliza kwa kuruka. Mama Nyemo, mjane mkulima ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya sokoni, akaulizwa dhambi ni nini. Akajibu kwa ukakamavu, "Mungu Baba Mwenyezi." Akaulizwa Kanisa ni nini. "Ni saba." Watu wakacheka mpaka kwenye madirisha. Paroko akafunga kitabu, akasema labda Pasaka ya mwakani.

Nikasimama, nikahutubu kama niko kwenye mdahalo: kwamba imani si gwaride, kwamba mnyonge hanyimwi mlango wa mbinguni kwa sababu maswali yamebadilishana nafasi. Mama Nyemo akanivuta shati.

"Kaa, mwalimu. Anayebatizwa ni mimi."

Akaomba kusema Kigogo, jirani yake akatafsiri. Paroko akamuuliza anautakia nini ubatizo.

"Kila Jumapili wanangu wakienda kukomunika, mimi nabaki kwenye benchi nimewashikia mikoba. Nimechoka kulinda mikoba."

Hakucheka mtu. Paroko akasema jibu hilo amelipokea, ila na mengine lazima ayasikie, kwa lugha yoyote, na akatupa siku nyingine. Sasa nawauliza kwa kuchanganya, nao wananigeuzia maswali. Juzi Mama Nyemo alitaka kujua Mungu mmoja anakuwaje nafsi tatu. Nikamwaga maneno yote ya chuo, akaniambia nikapumzike. Baba, niandikie lile jibu lako jepesi ulilotupa jikoni tulipokuwa wadogo. Mdogo wangu Fausta alipige picha, alitume kwa simu.

Nisalimieni Shangazi Adela, kiongozi wetu wa kwaya, na Babu, mlinzi wa migomba. Nawakumbuka kuliko ninavyojua kusema.

Tuombeeni. Jumamosi ya kabla ya Jumapili ya Matawi, saa tisa alasiri, tunakusanyika tena kanisani. Mama Nyemo ameomba awe wa kwanza kuulizwa.

Mwanenu,
Deogratias