Vipandikizi Saba Katika Kitalu cha Shule

Jumanne. Ukungu haujaondoka tangu alfajiri, na mvua nyembamba ya vuli inanyesha bila kelele. Viatu vyangu havijakauka tangu Jumapili.

Niwie radhi, daftari langu, kwa kimya cha zaidi ya miezi miwili. Nimezoea kuwakaripia wanafunzi wanaoacha kuandika kwa kisingizio cha kazi. Mimi sikuwa na kazi kupita kawaida. Niliogopa kuandika jambo ambalo likishaandikwa halikanushiki.

Leo naliandika.

Katika kitalu cha shule, nyuma ya safu za miche ya kahawa, kuna mibangi saba. Niliichomeka mimi, kwa mikono yangu.

Nieleze kwa utaratibu. Dada yangu Naelijwa, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka minane na aliyenibeba mgongoni mama alipokwenda shambani, alikuja shuleni mchana mmoja na kikapu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani mlikuwa na vijiti vya kijani, kila kimoja urefu wa shubiri, vimekatwa mshazari chini ya fundo. Maua yameondolewa, majani yameondolewa, vimebaki vichipukizi vidogo vya juu tu. Ndivyo nilivyowafundisha kina mama katika darasa la kisomo: kipandikizi chenye majani mengi hukauka kabla hakijaota mizizi, na chenye ua hujishughulisha na mbegu. Alikuwa ametii kila neno. Niliona kazi safi, nikafurahi, na kwa sababu ya usafi ule sikuweza kutambua mmea wenyewe.

Niliuliza ni mti gani. Alisema, "Dawa ya shemeji yako."

Nikamwuliza kwa nini amekata matawi wakati mti umeshachanua, maana makovu ya maua niliyaona. Akajibu kwamba hakuwa na nafasi ya kungoja, msaragambo wa Jumamosi ungepita palepale. Hilo lilikuwa kweli. Jumamosi ile baragumu lilipopigwa, kijiji kizima kilitoka na majembe kuzibua mfereji wa wazee uliokuwa umeziba, na ukingo wa shamba lake la chini ukachimbwa wote. Mti wenyewe alikuwa ameung'oa Ijumaa, kabla watu hawajafika. Siku hiyo sikujua kwa nini alifanya haraka hivyo.

Tulichomeka vijiti kumi na viwili katika mchanga, kivulini. Vitano vilioza.

Tawi lililokwisha kuchanua halina haraka ya kuanza upya. Kwa majuma matatu vile saba vilivyobaki havikufanya lolote. Kisha vikatoa majani ya ajabu: laini, ya mviringo, moja moja, yasiyofanana na ya mti wowote ninaoufahamu. Nilidhani ni mti wa porini. Niliwaita hata darasa la sita, ambao ndio wenye zamu ya kumwagilia, wakayatazama na kuyachora katika madaftari yao ya kilimo. Baadaye majani mapya yakaanza kupasuka. Vidole vitatu. Kisha vitano, na kingo zake zina meno kama msumeno.

Nilipohesabu vidole saba nilikalia ndoo mpaka kengele ilipolia.

Nilipaswa kung'oa saa ile ile. Mimi ni mwalimu mkuu, ni mzee wa kanisa, na ni mimi niliyesimama mbele ya mkutano wa kijiji kusema kwamba shamba la elimu ya kujitegemea ni kioo cha shule. Sikung'oa. Nilijiambia kwamba nitamwuliza dada kwanza. Juma likapita, sikumwuliza. Nikajiambia kwamba pengine nimekosea kutambua. Huo ulikuwa uongo, na mwenye kudanganywa nilikuwa mimi.

Ijumaa iliyopita Mzee Senkondo, mwenyekiti wetu wa kijiji, alifika kuangalia kitalu. Macho yake siku hizi yana utando, naye hakuvuka ua. Alisimama langoni akaelekeza fimbo yake ndani.

"Mwalimu, kile kijani kilichochangamka kule nyuma ni kitu gani?"

"Ni majaribio, Mzee."

"Majaribio! Mbona yameipita kahawa yako? Au kahawa yako nayo inasubiri uichape viboko?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimdanganya mtu mzima, na sikujua kwamba ulimi wangu ungeweza kufanya hivyo bila kukwama.

Jana jioni akanitumia ujumbe kupitia kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Bwana Shamba anapanda kutoka Same keshokutwa, Alhamisi, kukagua vitalu vya shule, na mwenyekiti ameshampelekea habari kwamba mwalimu wetu ana majaribio yake ya vipandikizi, mazuri, ambayo sharti ayaone.

Bwana Shamba ana macho mazima.

Leo, baada ya masomo, nilikwenda kwa dada.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na uso wa mitihani. Nani ameshindwa?"

Sikuketi. Nilimwambia kwamba nimeujua mmea. Nilitarajia aone haya. Aliendelea kupeta maharage yake.

"Umechelewa kuujua," alisema. "Mwenzio niliujua tangu mbegu."

"Umeyaweka mambo haya katika shule, dada. Watoto wanayamwagilia maji."

"Nimeyaweka kwa mdogo wangu. Shule ni yako wewe na Serikali yako. Mimi nina nani mwingine anayejua kuotesha kijiti?"

"Ungeotesha mbegu nyingine."

"Nimeotesha. Zile za kwanza alizopewa shemeji yako na yule mwenzake wa Kigoma huko kwenye mkonge, niliotesha zote. Zilimpa kikohozi tu. Ni mti ule mmoja, Mwalimu. Mmoja tu uliomlaza."

Shemeji Elinami alivunjwa mguu na mashine ya mkonge huko bondeni, mwaka wa tatu sasa. Mfupa uliunga vibaya. Zahanati humpa vidonge vinavyokwisha kabla ya juma kwisha, na havifiki kwenye mfupa. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mguu ameunyosha juu ya gogo. Majani aliyokuwa ameyakausha dada yalikwisha majuma mawili yaliyopita. Tangu hapo, anasema dada, hajalala usingizi unaostahili kuitwa usingizi. Aliinua mkono kunikaribisha. Alikuwa mtu mnene. Sasa mabega yake yamelishika shati kama shati lililoning'inizwa ukutani.

"Karibu, shemeji," alisema. "Naambiwa dawa yangu imeota."

Nilisema, "Imeota."

Nilipokuwa ninaondoka dada alinifuata hadi kwenye mfereji. Hakulia, wala hakunisihi. Alisema, "Ukitaka kung'oa, ng'oa. Lakini ukishang'oa uje wewe mwenyewe umwambie. Usinitume mimi."

Sasa nimekaa mezani, nami nazipima njia zangu kama mwanafunzi asiyependa jibu lolote ubaoni.

Nikimweleza Bwana Shamba ukweli, atakayefungwa si mimi. Ni dada, kwa sababu kila mtu ataamini kwamba mwalimu alidanganywa, nami kwa kiasi fulani nilidanganywa. Nikiing'oa kesho, nitasema majaribio yalikufa, na huo utakuwa uongo wa pili juu ya wa kwanza. Na shemeji atabaki macho. Nikiihamishia nyuma ya nyumba ya dada, nitakuwa nimeipanda mara ya pili, safari hii nikiijua kwa jina.

Ninachokiona aibu zaidi ni hiki: nilipopita kitalu nikirudi, niliiona miche ile saba ikiwa na afya, nikajivuna. Kutoa mizizi katika tawi lililochanua si kazi rahisi. Nilitengeneza hata kivuli kilichokuwa kimelegea upande mmoja. Mkono ulifanya kabla akili haijauliza.

Je, ningekuwa mpole namna hii, na ningechelewa namna hii, kama mguu ule ungekuwa wa mtu nisiyemjua? Sijui. Nimewachapa watoto kwa makosa madogo kuliko haya.

Kesho ni Jumatano, na baada yake hakuna siku ya akiba. Sitalifungua daftari hili mpaka niwe nimeamua na kutenda. Hapo nitaandika neno moja, *nimeng'oa* au *nimehamisha*, bila maelezo na bila kujitetea, na chini yake nitaweka jina langu kamili.