Krismasi Bila Unga Jikoni Mwako

Mama mkwe,

Ile sufuria yako kubwa ya ugali, ambayo hakuna mkwe aliyeruhusiwa kuishika, siku hizi ndiyo ninayonyweshea kuku maji. Nimeanza na hilo ili usije ukadhani ninakuandikia kwa upole. Wengine wakiwaandikia marehemu huwaambia walale salama. Mimi sidhani kama wewe umelala, na utaona ni kwa nini.

Unakumbuka nilivyofika kwako Boito, mke wa kitinda mimba wako Kiprono, na tumbo lisilopatana na nafaka. Nilikueleza kwa adabu. Daktari alinikataza ngano, na kwa kuugua na kupona nikajua kwamba hata mahindi na wimbi siwezi. Ulinisikiliza huku ukipepeta wimbi, kisha ukaniuliza kama kwetu Chebunyo watu hula mawe. Wanawake waliokuwa wametoka kuchuma chai wakacheka, nami nikacheka nao, maana mkwe mgeni hana namna.

Najua ilikuuma. Kwetu Wakipsigis mtu hata akishiba vipi hajala mpaka ale kimyet, yaani ugali, na mkwe asiyegusa ugali wa mama mkwe ni kama amemkataa mama mwenyewe. Lakini sikukuomba ubadilishe chochote. Nilichemsha nduma zangu pembeni ya moto wako na vyombo vyako nikaviosha.

Kisha ikaja Krismasi ile. Ulinitengea bakuli la mchuzi wa kuku wa kienyeji, ukasema umenipikia peke yangu na hamna unga hata chembe. Nilifurahi karibu nilie. Mchuzi ulikuwa mzito, nikadhani umeponda malenge. Nilikula wote na kukushukuru mbele ya wageni. Ulingoja niweke bakuli chini, ndipo ukamgeukia binti yako Chelangat na wageni wengine.

"Nimemwekea unga ya wimbi," ulisema. "Si mmeona? Amekula na hajakufa."

Kweli sikufa. Jioni nilitapika kati ya michai mpaka miguu ikakataa kunibeba, na Kiprono akanipeleka hospitali Kericho kwa pikapu ya jirani. Ninyi mlibaki mkimalizia mbuzi. Ulipokuja kuniona hukuomba radhi. Uliniletea maziwa ya mursik ndani ya kibuyu, ukasema tumbo langu lina kiburi. Niliyanywa yale maziwa, kwa sababu yalikuwa matamu, na kwa sababu nilihitaji nguvu za kukuchukia vizuri. Tangu siku hiyo sikula kitu nyumbani mwako bila kukinusa kwanza.

Ukafa. Nyumba ya mama hurithiwa na kitinda mimba, kwa hiyo jiko lako likawa langu, nikafikiri tumemalizana.

Mwaka uliofuata nilijifungua msichana. Sisi ni watu wa kanisa, tukaomba kwanza. Kisha akina mama wakafunga mlango, wakaanza kuwaita wazee waliotangulia, jina moja moja, ili mtoto apige chafya kwa yule anayerudi ndani yake. Wakamwita nyanya yake Kiprono, kimya. Wakamwita shangazi yake, kimya. Mimi nilikuwa ninaomba moyoni: yeyote, Mungu wangu, ila yule. Chelangat akataja jina lako, Tapsubei, na mtoto akapiga chafya mpaka kichwa kikatikisika. Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi niligeukia ukuta.

Basi akawa Tapsubei, ingawa hapa nyumbani wanamwita Kogo, yaani nyanya. Alipoanza kula, uji wa wimbi ulimvimbisha tumbo, akaharisha, akakonda. Daktari wangu yule yule akaniambia nilichokuwa nimeshajua.

Nilicheka, Mama. Njia nzima ya kurudi Boito nilicheka, na mtoto mgonjwa mapajani, Kiprono akinitazama kwa woga. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ulilidharau tumbo langu, na Mungu akakupitisha humo humo.

Kicheko kiliisha siku nilipomkuta Chelangat amempigia mtoto magoti jikoni na kijiko cha uji mkononi. Aliniambia, "Kidogo tu, haiwezi kumuua." Ilikuwa sauti yako kabisa. Nilimnyang'anya kijiko, na papo hapo nikaapa kwamba Krismasi ijayo haitaona unga.

Krismasi hiyo hakuna punje iliyovuka mlango wako. Unga uliokuwa ndani niliwagawia wachumaji chai. Ndizi nilizifuata sokoni Chepilat. Jirani yetu Mama Wanjiru, anayeuza viazi sokoni, alinisaidia kuponda mukimo bila mahindi, viazi na ndizi na majani ya malenge. Supu niliifanya nzito kwa nduma. Kulikuwa na mbuzi, kuku, mboga ya sagaa kwa maziwa, na keki ya muhogo iliyopasuka juu lakini ikaliwa yote. Chelangat alifunua sufuria baada ya sufuria akitafuta ugali. Kaka yako alikula mpaka akalegeza mshipi, kisha akauliza kwa utulivu, "Sasa chakula inakuja saa ngapi?"

"Chakula ndiyo hiyo, Baba," nilimjibu, kwa sauti ya kufika kaburini kwako. "Kwa hii nyumba hakuna ingine."

Waliondoka wakinung'unika kwamba mkwe amewalisha vitafunio. Manung'uniko yale yalikuwa matamu kuliko keki.

Lakini nilitaka ujione wewe. Kogo alizunguka kati ya wageni akitia mkono kwenye kila sahani, na kwa mara ya kwanza sikumkimbilia. Baadaye aliketi mlangoni, mafuta ya mbuzi yamemjaa mashavuni, akaramba kidole gumba kuanzia chini kwenda juu, vile vile ulivyokuwa ukifanya. Nilimfuta mashavu, nikambeba mgongoni.

Sijakusamehe. Krismasi nyingine inakuja, utalilia chapati za watoto wa Chelangat, na nitakukatalia. Utakula ninachokupikia mimi, maana huna mpishi mwingine. Utashika kijiko na kuniuliza, kama unavyoniuliza kila siku, "Hakuna unga, Mama?" Nitakujibu hakuna, na hakutakuwa na unga. Hicho ndicho kisasi changu. Utakua ukila mkononi mwangu, na sitakudanganya hata siku moja.

Huko kaburini kaa kwa adabu. Huku kwangu umeshiba, umelala mgongoni mwangu.

Ni mimi, mkwe uliyemlisha unga,
sasa mama yako.