Jumuiya ya Mtu Mmoja

Dada Skola,

Tumsifu Yesu Kristo. Huko uliko najua umeitikia, tena kwa ile sauti yako ya kisimani, ambayo watu wote kwenye foleni ya ndoo walikuwa wakigeuka kukutazama.

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, wasiwasi ni juu yako wewe uliye mbali. Leo siwezi. Wewe huna tena la kukutia wasiwasi, na mimi ni mzima wa mwili tu. Nimekaa kwenye meza ya kusahihishia, madaftari ya watoto nimeyasukuma pembeni, nakuandikia kwa sababu kaburi lako liko Masasi na mimi niko Dimani. Wenzangu wakiwakumbuka watu wao huenda kung'oa majani kaburini. Mimi ning'oe nini?

Ngoja nikupe habari za huku. Zahanati wameleta muuguzi mwingine badala yako, kijana wa kiume, mpole, ila akina mama wanamwonea haya na wengine wanaamua kuzalia nyumbani. Siku hizi kila kitu ni kuchangia. Mjamzito anaambiwa aje na glovu zake, wembe wake na uzi wake. Ungekuwepo ungegomba mpaka mganga mkuu wa wilaya akusikie. Mizani yako ya watoto bado inaning'inia kwenye boriti. Mimi upande ule sipiti nikiweza kuzunguka, maana ndipo ulipoanguka na mtoto wa watu mikononi. Wanasema hata ulipokuwa chini hukumwachia. Mtoto hakupata hata mchubuko, na jioni ile ile wewe ukaondoka.

Nimekuwa nikikumbuka nilivyofika hapa kutoka Ludewa, na godoro, ndoo moja na uso wa kununa. Sikutaka watu. Nilikuwa nimejiambia nitafundisha, nitalala, nitaomba uhamisho. Alhamisi ya kwanza ulinikaribisha kusali jumuiyani nikasema nimechoka. Kabla jua halijazama nikasikia wimbo uani kwangu. Kutoka nje nawakuta wewe, bwana shamba Komba na mkewe, na Petro wa mitumba, mmekaa juu ya matofali kama mmealikwa. Ukaniambia, "Mdogo wangu, umechoka, basi sisi tumekuja na miguu yetu." Nilikasirika! Nilisema moyoni hii si jumuiya, huu ni mgambo.

Baadaye ndipo nikajua ile desturi yako. Jumuiya nyingine huanza na ishara ya msalaba, halafu wimbo. Wewe ulianza na swali: nani hayupo, na kwa nini? Hukutaka daftari la mahudhurio. Ulisema daftari linamwandika mtu, halimtembelei. Kama kuna asiyekuwepo, tulifunga Biblia tukaenda kusalia kwake, awe mgonjwa, awe amenuna, awe anadaiwa na anaogopa kuonekana.

Unakumbuka koti la Komba? Petro alikuwa amefungua marobota mapya kutoka Dar, akamuuzia Komba koti zuri la rangi ya kahawia. Komba akalivaa Jumapili na joto lote hili la Rufiji, jasho linamtiririka, kifua mbele. Mtawa mgeni akamsifu, kisha akasema kwa upole wa kitawa kwamba vifungo viko upande wa kike. Alhamisi Komba hakuonekana. Ulipouliza nani hayupo, mkewe aliinamisha kichwa, na ulipouliza kwa nini, Petro mwenyewe akajibu, "Kwa ajili ya koti." Tukaenda. Komba alikuwa amejifungia jikoni. Hukubisha hodi. Ulimwambia Petro alichukue lile koti kwenye kamba alivae, akae nalo mpaka sala iishe. Lilimbana kwapani, mikono imemtoka kama miiko. Tulisoma, tukashirikishana, na tulipofika kwenye maombi mlango wa jikoni ukafunguka, Komba akatoka anacheka machozi yanamtoka, akampa Petro mkono. Sijawahi kuona mtu akiombwa msamaha kwa namna ile, na sijawahi kucheka vile tena.

Kisha nchi ikabadilika na sisi tukabadilishwa nayo. Petro biashara ilimnogea, akahamia Dar, sasa nasikia anasali kwenye kanisa la vipaza sauti huko Mbagala. Komba alipunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi, akang'oa mabati yake akarudi Mbinga na mkewe. Tukabaki wawili. Nilikuuliza tufanyeje, ukasema wawili wanatosha, mmoja asome mwingine asikilize, halafu tubadilishane. Tulikuwa tukienda kwa zamu, kwangu na kwako, hatua chache tu, lakini ulisisitiza zamu ni zamu. Na swali lako uliliuliza vile vile, nami nilikutania, "Hayupo yule unayemuulizia kila siku." Ulicheka kile kicheko chako cha kukohoa. Sikujua kama kuna siku nitakuja kuuchukia ule mzaha wangu.

Siku ile ya msiba, dada, nilijua maana ya kuwa mgeni. Ndugu yako alikuwa Dar, ikabidi tumsubiri aje na gari na sanduku. Bi Mwanaidi, jirani yangu, hakuelewa kabisa. Alisema, "Maiti hawekwi, mwalimu, mwamtesa mwenzenu." Nilimweleza kwamba sisi watu wa bara tunazikwa kwetu, akatikisa kichwa. Lakini alileta ubani na mikeka, akawaagiza wanawe kuni, akakaa na mimi mpaka ndugu yako akafika. Wanawake wa kijiji walijaa, nusu ya watoto waliokuwa mgongoni mwao uliwapokea wewe. Walikusomea dua yao. Ilipofika zamu yetu ya kusali kama jumuiya, nilisimama mimi.

Nilipanda gari lililokubeba mpaka kivukoni Ndundu tu. Kesho yake ulikuwa mtihani wa darasa la saba na mwalimu mkuu alikuwa amenipa ruhusa ya kuishia mtoni. Pantoni ilikuwa ng'ambo. Tulikaa kwenye foleni nyuma ya malori, wewe ndani ya sanduku na akina mama wanapitisha machungwa na samaki wa kukaanga dirishani, wanauliza mnanunua au hamnunui. Pantoni ilipofika, ndugu yako alinishika bega, gari likashuka. Nikaona lazima niimbe. Nilianza juu mno, kama kawaida yangu, na hukuwepo wa kunishusha. Ubeti wa kwanza nilifika nao katikati, kisha injini ikanguruma, nikabaki nafungua mdomo bila hata mwenyewe kujisikia. Nilisimama pale mpaka mlipofika ng'ambo, gari likapanda mlima na vumbi likatua. Wasafiri waliokuwa pembeni yangu walidhani nimeachwa na pantoni, wakanipa pole ya kungoja.

Tangu hapo Alhamisi zangu ziko hivi. Saa kumi na moja natandika mkeka, naacha mlango wazi, naweka viti viwili. Nasoma mimi, nasikiliza mimi. Halafu nakusimulia wewe, kwa sauti, habari za shule na za mvua. Bi Mwanaidi ameshanisikia zaidi ya mara moja, na siku hizi Alhamisi ananiletea bakuli la kitu chochote alichopika na kukiweka mlangoni bila kubisha. Nisikufiche, nimekuwa mpweke mpaka nasikia upweke wenyewe ukitembea ndani ya nyumba. Mwezi uliopita niliugua homa, nikalala siku nzima, na jua lilipozama nikajikuta nasikiliza uani kama kuna wimbo.

Padre alipokuja na pikipiki yake aliniambia kwa huruma kwamba jumuiya ya mtu mmoja haipo, mwalimu, na kwamba akija tena ataifuta, niwe nahesabiwa na ya Kibiti mjini. Anasema kweli. Lakini Kibiti ni mbali kwa jioni ya kazi, na huko hakuna aliyekujua. Nilimwomba anipe mpaka safari yake ijayo. Sikujua namwomba ili iwe nini.

Juzi Bi Mwanaidi akabisha hodi, jambo ambalo hajalifanya siku nyingi. Akasema, "Mwalimu, yuko mtu wenu kazaa, hana wa kumpa hata uji." Nikauliza mtu wetu yupi, maana sisi tumekwisha. Akanijibu kwa ukali kwamba yeye hajui majina, ni mtu wa bara, anasali kwa kufumba macho, basi ni wenu.

Nilipika uji wa pilipili manga nikaenda kwa kujikokota. Ni binti mdogo, anaitwa Tabitha, amepanga chumba cha uani karibu na mashine ya kukoboa. Mumewe yuko msituni upande wa Ngorongo anapasua mbao, hana hata habari kwamba ameshakuwa baba. Na ni Mmoraviani, dada, wa Tabora. Nyimbo zangu hazijui na zake sizijui. Nilimpa bakuli, akasema tuombe kwanza, akaomba sala ndefu mpaka uji ukapoa ukafanya ngozi. Aliniombea na mimi, kwa jina, ingawa jina langu alikuwa amelisikia mlangoni tu.

Nikamsimulia habari zako. Nilisema mengi kuliko nilivyokusudia, ya koti, ya Ndundu, ya viti viwili. Yeye alinyonyesha akisikiliza. Nilipomaliza akaniuliza, "Na wewe mwalimu, ukiugua, nani anajua?" Nilijifanya namtazama mtoto. Akasema, "Basi Alhamisi njoo hapa. Nisipokuona namtuma mtu."

Nililia njia nzima ya kurudi, na sikujificha.

Padre akija nitamwambia tuko wawili na kichanga, mmoja wetu Mmoraviani, aandike au aache, hilo ni lake na askofu wake. Sijui litakuwa jambo la kudumu. Mbao zikiisha watahama, hawa watu wa msitu hawakai. Lakini nimekuahidi moyoni, na nakuahidi tena kwa maandishi, kwamba maadamu niko Dimani hakuna mtu wetu, awe wa namna gani, atakayezaa au kuugua au kununa peke yake wakati mimi nina miguu.

Pumzika, dada yangu. Nimekuzuia vya kutosha na hadithi zangu za jioni.

Alhamisi usije. Sitakuwa nyumbani.

Mdogo wako,
Agripina